Duka la Mchoyo

Mwaka 1974, nikiwa na umri wa miaka kumi na moja, ncha ya jani la mkonge ilimchoma baba yangu jicho la kulia, na kabla ya mvua za vuli jicho la kushoto nalo likafuata, kama vile limeona uchungu kubaki peke yake. Hapo ndipo shida ilipoanza. Tulikuwa tukiishi kambini Ngombezi, kwenye shamba la mkonge. Mkata mkonge asiyeona hakati mkonge. Mimi nikaacha shule, darasa la tatu, nikawa macho ya baba, na baba akawa muuza mafuta ya taa.

Nayaandika haya kwa ajili yenu mnaoshika funguo za maabara baada yangu, na kwa ninyi walimu vijana wa kemia mnaokuja na vyeti vikubwa na viatu vyenye vumbi la siku moja. Mimi cheti sina. Maandishi ya Kiingereza ya kwenye chupa nilikuwa nayajua kwa umbo lake, kama unavyomjua jirani kwa mwendo. Lakini nimehudumu maabara miaka thelathini na moja na sijamuunguza mtoto wa mtu. Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, tuendelee.

Baba alikuwa na kopo la kupimia. Alilitoboa kwa msumari mahali pa kipimo, akaziba tundu kwa risasi, ndani kukabaki kijinundu anachoweza kukigusa kwa kidole. Hata hivyo aliniuliza kila mara. "Imefika?" Nami nasema, "Imefika, baba." Halafu anasema, "Haya, ongeza." Namwagia mteja kidogo juu ya kipimo. Baba alikuwa akisema kipimo ni haki ya mteja, lakini nyongeza ndiyo inayomrudisha kesho. Mpaka leo nikifumba macho saa za alasiri naiona ile mistari ya nyumba za kambi imekaa kwenye jua kama nguo zilizoanikwa, watoto wanakuja na vibatari, na mafuta yanashuka kimyakimya kwenye shingo za chupa, meupe, mepesi kuliko maji. Sikumwaga hata tone. Hiyo ndiyo shule yangu niliyosoma.

Ya ukubwani siyaandiki yote. Niliolewa, nikazaa, nikaachika. Mwaka wa tisini na mbili nikapata kazi ya kufagia shule ya sekondari iliyoko kwenye barabara ya kutoka Korogwe kwenda Handeni. Siku ya tatu nilikuwa najaza mafuta kwenye majiko ya utambi ya maabara. Nikahisi mtu amesimama nyuma yangu. Alikuwa Mwalimu Shemweta, mwalimu wa kemia, Msambaa wa kutoka milimani, mrefu, koti lake jeupe limejaa matundu ya tindikali kama limekuwa likiliwa na nondo wenye haraka.

"Mama, umefundishwa wapi kumimina?"

"Kambini."

"Weka ufagio chini. Njoo huku."

Akanipa chupa ya kioo yenye tumbo kubwa na shingo nyembamba. Shingoni pamechorwa mstari mmoja. Akasema nijaze maji mpaka mstarini. Nikajaza. Maji yalipogusa mstari, mkono wangu wenyewe ukaongeza kidogo.

Mwalimu akaichukua chupa, akamwaga yote kwenye ndoo. "Tena."

Nikajaza tena. Akamwaga tena. Mara ya nne nikaanza kukasirika. Mara ya saba akaniuliza kwa upole, "Hicho cha mwisho unamwongezea nani? Mteja hapa ni nani?"

"Mazoea, mwalimu. Nimeuza mafuta."

"Sikiliza, Zaina. Duniani kote ukarimu ni thawabu. Ndani ya chumba hiki ni kosa. Ukivuka kizingiti hicho uwe mchoyo."

"Basi ninyi Wasambaa mmezaliwa wanakemia," nikamjibu, maana mimi ni Mzigua na yeye mtani wangu.

Alicheka mpaka miwani ikadondoka. Mara ya kumi na moja nilisimama mstarini, nikaona aibu kama nimemnyima maji mgeni. Sikurudi tena kwenye ufagio.

Mwalimu Shemweta alinifundisha mambo mengi ambayo hayamo kwenye vitabu vyenu. Bureti, lile bomba refu la kioo lenye mistari na bilula chini, haioshwi kwa maji peke yake. Malizieni kwa kuisuuza na tindikali ile ile itakayoingia humo. Faneli mkishajazia iondoeni juu, itawadondoshea tone la kinafiki katikati ya kazi. Pale penye ncha chini ya bilula hujificha kiputo cha hewa. Kitoeni kwanza, la sivyo mtahesabu upepo. Maji yaliyochujwa yakikosekana, maji ya mvua ya bati safi yanatosha, ila mvua ya kwanza iacheni ipite, hiyo inaosha bati.

Asubuhi nilikuwa nafika kabla ya kengele. Ukungu wa Usambara ulikuwa unateremka mpaka madirishani, kisha jua linapasua, linapita kwenye chupa za kahawia na za bluu juu ya rafu, na sakafu ya saruji inajaa rangi. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda, sifanyi kitu. Nakanyaga rangi kwa miguu mitupu. Kama kuna mshahara nilioupenda, ni huo, na mwingine sitautaja.

Mchezo wangu wa kwanza darasani niliufanya kwa utovu wa adabu. Mwalimu alikuwa anafundisha moli. Watoto wamekaa kama magunia. Anasema moli ni idadi, ya chuma na ya mkaa idadi ni moja, lakini uzito si mmoja, nao wanamtazama tu. Mimi naosha chupa nyuma, nikajisemea kwa sauti, "Si ndiyo tita hilo."

Darasa likageuka. Mwalimu akasema, "Hebu rudia, Bi Zaina."

Nikawaambia. Kambini tita la mkonge ni majani thelathini. Mnyapara hahesabu majani, anahesabu matita. Lakini tita la mkonge mchanga analibeba mtoto, tita la mkonge mkubwa linamvunja mtu shingo. Thelathini ni thelathini, uzito ni wa jani. Mwalimu akatutoa wote nje kwenye uzio wa mkonge, timu mbili, mapanga mawili, nani atafunga tita kwanza, na nani atakisia uzito wake bila mizani. Siku hiyo walijifunza moli wakiwa wamechanika mikono na wanacheka. Toka hapo akawa ananiuliza kabla ya kila mada mpya, "Hii nayo kambini mnaiitaje?" Mara nyingi sikuwa na jibu. Mara chache nilikuwa nalo.

Alistaafu, akapanda kwao milimani, akaniachia kigoda na koti. Sikuwahi kulivaa. Mtu havai matundu ya mwenzake.

Sasa kisa nilichokusudia kukiandika.

Ilikuwa miaka michache kabla ya mimi mwenyewe kustaafu. Tuliletewa mwalimu kijana, Mwalimu Deo, wa Dar es Salaam, moyo mzuri, suruali ya kubana. Aliniita bi mkubwa. Kidato cha nne kilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja wa kemia, na mmoja wao alikuwa Mwanaisha, binti wa kutoka Misima, mwembamba, mkimya, anayeandika namba zake ndogondogo kama anabana karatasi isiishe. Mwanaisha alitaka kitu kimoja duniani: kusomea ufamasia. Aliniambia siku moja tukiosha vyombo. Dispensari ya kwao watu walikuwa wanapewa vidonge na mtu anayekisia, na bibi yake aliwahi kulala siku mbili bila kuamka kwa dawa ya kukisiwa. Bila kemia, mlango wa ufamasia haufunguki. Hilo hata mimi nalijua.

Tatizo likaja kwenye vitendo. Kazi yenyewe ni hii: kwenye chupa ya chini kuna magadi yametiwa matone ya dawa ambayo wanafunzi huiita POP, yanakuwa waridi kama ndani ya kombe la pwani. Juu, kwenye bureti, kuna tindikali. Unaiachia tone kwa tone. Panapofika tone la haki, uwaridi unapotea wote kwa mara moja, kana kwamba haukuwahi kuwapo, na hapo unafunga bilula na kusoma mstari. Mwaka mzima wanafunzi saba kati ya kumi na mmoja walikuwa wanasoma namba iliyozidi. Haikuzidi sana. Mistari sita, saba, kila siku.

Mwalimu Deo akanijia. "Bi mkubwa, usinielewe vibaya. Asidi yako nyepesi. Kuna maji yamezidi humu."

Hakuna neno lililowahi kuniuma kama hilo. Nikamwambia, "Mwalimu, funga mlango upime mwenyewe."

Akapima mara tatu. Namba ikatoka sawasawa. Akajikuna kichwa. "Daah. Basi ni madogo wenyewe. Vichwa vizito."

Mkuu wa shule hakuwa na subira ya vichwa vizito. Alitangaza mstarini asubuhi: atakayeshindwa vitendo kwenye mtihani wa majaribio, jina lake litaondolewa kwenye kemia kabla ya usajili. Hatachafuliwa shule na watu saba. Zilibaki wiki tatu. Nilimtazama Mwanaisha kwenye mstari. Hakulia. Alikuwa anaangalia mkono wake wa kulia kama wa mtu mwingine.

Jioni ile, kabla ya kufunga, nikampangia chupa. "Fanya, nami nikae tu."

Nikakaa kwenye kigoda. Akaachia tone, tone, tone. Alikuwa na mkono mzuri kuliko wa mwalimu wake. Waridi likapauka, likawa moshi, likapotea. Akavuta pumzi. Na hapo hapo kifundo cha mkono wake kikazunguka kidogo, kijito kifupi cha tindikali kikashuka, na ndipo akafunga. Kwenye chupa huoni kitu, maana iliyokuwa haina rangi inabaki haina rangi. Yule ambaye macho yake yako kwenye chupa hataliona kosa hilo mpaka afe. Lakini mimi nilikuwa namtazama mkono.

"Hiyo ya mwisho ya nini?"

"Ipi, bibi?"

"Uliyoongeza."

"Sijaongeza, bibi."

"Rudia."

Akarudia. Akaongeza. Hakujua. Mimi pale kwenye kigoda nikaanza kusikia harufu ya mafuta ya taa, miaka arobaini imepita, maabara haina hata kibatari. Nikasikia sauti ya baba: haya, ongeza.

"Nyumbani kwenu mnauza nini?"

"Karanga na maharage. Gulioni."

"Mama akishajaza kopo anafanya nini?"

"Anaongeza." Akanishangaa. "Si nyongeza, bibi! Usipoongeza mteja anakusema kijiji kizima."

"Na wewe umeanza kupima lini?"

"Tangu sijaenda shule."

Kesho yake nikawauliza wote. Saba wale walikuwa watoto wa wauzaji: vitunguu, mchele, dagaa, mafuta ya alizeti. Wanne waliosalia walikuwa watoto wa mwalimu, wa nesi, wa karani na wa askari, watu ambao kazi yao gulioni ni kupokea nyongeza. Ndugu zangu, hakukuwa na kichwa kizito hata kimoja. Kulikuwa na mikono iliyolelewa vizuri.

Mwalimu Deo nilipomweleza alikaa juu ya meza. "Noma sana. Kwa hiyo nawakataza tu?"

"Mimi nilikatazwa mara kumi, na nilikuwa mtu mzima. Hawa tucheze nao."

Ndipo tukafungua Duka la Mchoyo. Vifaa: bomba la sindano lisilo na sindano, vizibo vya soda vilivyochorwa mstari kwa msumari, maji, ndimu, maji ya majivu, na maua mekundu ya uzio wa shule yaliyochemshwa, maana dawa za serikali si za kuchezea. Mmoja anakaa kwenye kigoda changu, ndiye mwenye duka. Mwingine anakuja kununua. Mwenye duka anapima mpaka mstarini, au anadondosha ndimu kwenye maji ya majivu yenye maua mpaka rangi igeuke, na hapo anatakiwa kusimama. Mnunuzi kazi yake ni moja: aombe nyongeza kwa kila hila aliyopewa na Mungu. Mwenye duka akizidisha tone moja, ameshuka kigodani. Anayedumu zaidi ndiye Mchoyo Mkuu, na siku hiyo haoshi vyombo.

Mngewasikia.

"Shangazi, niongeze, nina wageni wa kutoka Kwedizinga."

"Wageni wako wale kwao."

"Shangazi, mtoto anaumwa!"

"Mpeleke dispensari, hili duka."

"Mkono wa birika wee! Hata kaburini utazikwa kwa kipimo!"

"Nizikwe. Mwingine!"

Rajabu, mtoto wa muuza vitunguu wa Korogwe, alikuwa hadumu hata dakika mbili. Akiambiwa tu kuna mgonjwa, mkono unazidisha. Walimcheka mpaka wakaketi chini. Wale wanne wa watumishi wa serikali ndio waliokuwa waombaji wakali; nyongeza wanaijua kutoka upande wa pili.

Mwanaisha siku za kwanza alishuka kila mara. Wala hakushuka kwa kuhurumia, mkono tu ulimtangulia. Siku ya tano alifanya jambo ambalo sikumfundisha. Rangi ilipogeuka, aliuondoa mkono wake kwenye bomba, akaukalia. Akakaa juu ya mkono wake mwenyewe, uso umetulia, wanunuzi wanamtukana mbele yake, na yeye anatazama ile rangi mpya kwenye chupa kama mtu anayetazama mbali sana, ng'ambo ya milima.

Makelele yakamleta mkuu wa shule. Akasimama mlangoni. "Bi Zaina, hii ni maabara au gulio?"

"Ni gulio, mkuu. Ila nyongeza haitolewi."

Hakucheka. Alinitazama, akamtazama Mwalimu Deo aliyekuwa anaomba maharage kwa magoti, akasema, "Bado siku sita," akaenda zake.

Siku ya mtihani wa majaribio mimi sikuruhusiwa kusema neno. Niliruhusiwa kushika ndoo. Nikasimama pembeni, karibu na meza ya tatu. Jua la asubuhi lilikuwa limepita kwenye chupa za rafuni na rangi zimelala sakafuni, juu ya viatu vya watoto. Kimya. Kumi na moja wanadondosha. Unasikia matone kama mvua inayowaza kunyesha. Mwanaisha akafika. Waridi likapauka, likawa moshi, likaondoka. Nikaona kifundo kinaanza kuzunguka. Nilishika mkono wa ndoo mpaka ukaniachia alama. Akafunga bilula, akautoa mkono, akaukalia. Midomo yake ikasema bila sauti, "Mkono wa birika." Kisha akasoma mstari kwa utulivu, akaandika namba zake ndogo.

Sita kati ya saba walisimama mstarini. Majina yao hayakuguswa. Wa saba ni Rajabu. Yeye aliongeza mara zote tatu, kwa roho safi, na jina lake likaondolewa. Nilimtetea, sikusikilizwa. Leo anauza vitunguu stendi ya Korogwe na foleni yake inazuia watu njia. Sijui nani kati yao alifaulu zaidi, na wala siulizwi.

Nanyi walimu mnaocheza darasani michezo ya kadi na ya kushikana mikono kama atomi, chezeni. Ila kwanza mtazameni mtoto mkono, mjue umetoka nyumba gani. Mchezo unaotoka kitabuni bila kupita hapo ni kelele tu.

Nimestaafu mwaka wa sitini wa umri wangu. Mwezi uliopita mjukuu alikohoa, nikaenda dispensari moja huku Handeni na chupa yangu yenye mstari mkononi. Dirishani nikamkuta Mwanaisha, koti jeupe lisilo na tundu hata moja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pima."

Akamimina mpaka mstarini. Akasimama.

"Niongeze basi, nina wageni."

Hakuinua macho. "Wageni wako wale kwao, bibi." Akaifunga chupa, akanipa kwa mikono miwili, na ndipo nikaona macho yake yamejaa.

Nilicho nacho leo ni hiki. Nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu, bati jipya upande mmoja. Ekari mbili na nusu za mahindi, michungwa kumi na minne. Mbuzi sita. Kigoda kimoja. Koti moja lenye matundu. Bomba la sindano lisilo na sindano. Kopo la baba, kijinundu cha risasi bado kimo. Na chupa ya dawa ya kikohozi, imejaa mpaka mstarini, si tone zaidi. Mtoto alipona kabla sijaifungua, nami sitaki kuifungua.